Mwanangu wa miaka 13 na baba yake wa kambo: nimpeleke kwa babu yake au nibaki naye?

Mama wa Tanga ameuliza:

Assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu, habari zenu ndugu zangu. Ninaandika usiku huu watu wa nyumba wakiwa wamelala, kwa sababu jambo lenyewe limenifika kooni na sina mtu wa karibu wa kumweleza ambaye hatalifikisha kwa majirani kabla ya kesho mchana.

Baba wa mwanangu alikuwa mvuvi hapa Tanga. Alifariki mtoto akiwa na miaka 7, na huyo ndiye mtoto pekee aliyemwacha. Miaka 3 baadaye niliolewa na mwanamume mwingine, fundi mwashi, ambaye sitaki kumsingizia: hanywi pombe, haachi nyumba bila chakula, na sare, madaftari na michango ya shule amekuwa akivitoa yeye tangu siku ya kwanza. Tumejaaliwa binti ambaye sasa ana mwaka mmoja na nusu. Shida iko kati ya mume wangu na huyu mwanangu wa kiume, ambaye yuko darasa la saba na anatakiwa kufanya mtihani mwezi Septemba.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anayomwambia mtoto ni ama amri, ama lawama. Umefagia? Umechota maji? Mbona viatu vimechakaa upesi hivi? Mtoto akikosea huambiwa mbele ya wageni, «Mimi si baba yako, lakini unachokula ni changu.» Naye amejifunza kunyamaza. Baba yake wa kambo akiingia, yeye hutoka. Tukikaa kula, yeye huchukua sahani yake na kwenda kuketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ametupa mgongo. Shuleni amempiga mwenzake aliyemwita mtoto wa kufikia.

Lililoharibu kila kitu ni ngalawa ya marehemu. Ilikuwa imelala pwani ya Sahare, ikikauka. Mwaka jana mume wangu alisema inaoza bure, akaiuza pamoja na nyavu kwa shilingi 1,200,000, na fedha hizo zikanunua bati za nyumba ya vyumba viwili tunayojenga. Nilikubali. Mtoto sikumuuliza, wala haikunipitia akilini kwamba mtoto huulizwa mambo kama hayo. Tangu hapo akaanza utoro. Huvaa sare, hubeba mkoba, lakini shule hafiki; hukutwa Sahare akisaidia kuvuta nyavu na kupaa samaki.

Mwezi uliopita yule aliyeinunua ngalawa alikuja nyumbani kulalamika. Alikuwa ameipaka rangi ya kijani, na mwanangu alikutwa alfajiri akiikwangua omoni kwa kipande cha kisu, pale ambapo baba yake alikuwa ameandika jina la chombo kwa mkono wake mwenyewe. Aliporudi, kucha zake zilikuwa zimejaa rangi. Mume wangu alimchapa kwa mkanda mpaka mgongo ukafura mistari. Mimi nilisimama mlangoni nimembeba mdogo wake, nikasema «basi, inatosha» mara moja tu, tena kwa sauti ya chini.

Wiki ileile mtoto akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka 4. Jumamosi iliyopita mume wangu alimlazimisha kubeba godoro, kulipitisha uani mbele ya wapangaji wenzetu, na kusimama nalo juani mpaka likauke. Alisimama. Hakulia, na huko kutolia kwake ndiko kunakoninyima usingizi.

Wifi yangu ananishauri nimpeleke Pangani kwa babu yake mzaa baba, ambaye yu hai ingawa bibi alifariki kabla ya mwanawe. Je, huko ni kumwokoa au ni kumtupa? Huku kukojoa ni kiburi, kama mume wangu anavyosema, au ni maradhi? Na nitasemaje na mume wangu bila ya yeye kuona kwamba nimechagua upande? Nijibuni kama ambavyo mngemjibu dada yenu.

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Mwanangu, nianze na lile la kitanda, kwa kuwa ndilo linaloweza kushughulikiwa kesho asubuhi. Hakuna mtoto wa miaka 13 anayejikojolea kwa kiburi. Kitendo hicho hutokea akiwa usingizini, na mtu hawezi kufanya ukaidi akiwa amelala. Mtoto aliyekwisha kuwa mkavu kwa miaka mingi akirudia ghafla, sisi wa hospitali huuliza mambo mawili: mwili wake una nini, na nyumbani kwake kumetokea nini. La pili umekwisha kulieleza. Hata hivyo la kwanza lisipuuzwe, kwa sababu wapo watoto waliocheleweshwa wakidhaniwa wana huzuni kumbe wana kisukari.

Mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo na sukari. Waeleze kama anakunywa maji kupita kawaida, kama amepungua mwili, kama anapata maumivu akikojoa, na kama anapata choo kigumu, maana tumbo lililojaa choo huibana kibofu. Ukiona kiu kali, kukojoa sana na kukonda kwa pamoja, usingoje wiki ijayo. Waombe pia wamtazame mgongo.

Nyumbani, tandika plastiki chini ya shuka na umpe shuka la akiba mahali anapoweza kulichukua mwenyewe bila kumwamsha mtu. Anywe maji ya kutosha mchana na apunguze jioni, na aende msalani kabla ya kulala. Shuka lililolowa anaweza kulifua yeye, kwa kuwa ni mkubwa, lakini iwe kama anavyofua soksi zake, si adhabu wala tamasha. Lile la godoro lisirudiwe kabisa. Nimewaona watoto wengi katika kazi yangu, na nakwambia kwa uchungu kwamba aibu ya mbele ya watu hurefusha tatizo hili kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Mwana wa Korogwe amejibu:

Dada, nimesoma maneno yako mara mbili na mara ya pili nililazimika kutoka nje kidogo. Mimi nililelewa na baba wa kambo, dereva wa lori, kuanzia miaka 8 mpaka miaka 14, nilipotoroka nyumbani na kwenda Dar es Salaam. Nililala Kariakoo chini ya meza za wauza mboga na kubeba mizigo kwa karibu mwaka mzima kabla mjomba wangu hajanipata. Sasa nina watoto wangu mwenyewe, kwa hiyo sisemi haya kwa hasira ya ujana.

Watu hudhani kwamba kilichonifukuza ni kipigo. Kipigo kilikuwapo, lakini vijana wote wa mtaa wetu walichapwa, na wengi wao na baba zao wa kuwazaa. Kilichonifukuza ni kwamba baada ya kila kipigo mama yangu alikuwa akiniletea chakula kwa kificho, ameficha bakuli ndani ya khanga, akininong'oneza nile haraka kabla mumewe hajarudi kutoka msikitini. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na leo ninalijua hilo. Lakini wakati ule nilikuwa nikila huku nikimchukia yeye zaidi ya yule aliyenichapa, kwa sababu yule alikuwa mgeni na hakunidai kitu, ila mama alikuwa wangu, na mama wangu alikuwa akinipenda kwa kujificha kana kwamba mimi ni kosa alilolifanya.

Kwa hiyo lile «basi» ulilolisema kwa sauti ya chini, mwanao alilisikia. Ninaamini alilisikia vizuri sana. Pia alisikia kwamba lilikuwa moja.

Ushauri wangu ni kwamba kabla hujazungumza na mumeo, zungumza na mtoto. Mchukue mtoke nyumbani, hata kama ni kutembea kwenda hiyo zahanati, na umwambie kwa maneno yaliyonyooka kwamba ulikosea kukubali ngalawa iuzwe bila kumwambia, na ulikosea kutomzuia mtu asimpige vile. Usimwambie «lakini baba yako anakupenda» wala «lakini anatulisha». Ukitia neno «lakini» mwishoni, huko kuomba radhi kumekufa. Kisha unyamaze, hata akikaa kimya njia nzima.

Kuhusu Pangani, muulize yeye. Kwenda kwa babu kwa hiari yako na kupelekwa kwa babu kwa sababu umeshindikana ni safari mbili tofauti, ingawa nauli ni ileile.

Mzee wa Barabara ya 12 amejibu:

Naomba nami niseme, ingawa najua hapa wengi hawatapenda. Huyu mwanamume amemchukua mtoto asiye wake, anamlisha, anamvika na kumsomesha, na mtoto anamlipa kwa utoro na kwa kuharibu mali ya mtu. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa kiume asiyeonywa akiwa na miaka 13 ataonywa na mahakama akiwa na miaka 20. La godoro halikuwa sawa, nakubali, na mkanda si fimbo. Lakini ninyi mnamfundisha mama huyu kumwomba radhi mtoto, jambo ambalo katika malezi tuliyoyajua sisi halikuwapo, na mwisho wake ndoa itavunjika, watoto wawili wakose baba badala ya mmoja. Mimi naona ampeleke kwa babu yake. Damu humtambua mtu wake, na huko atapata mkono wa kiume unaomstahili.

Fundi wa Nyamagana amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Ninakuheshimu, na methali yako ni ya kweli, ila samaki anayekunjwa hukunjwa polepole. Akikunjwa kwa ghadhabu huvunjika, awe mbichi au mkavu.

Ninajibu kama baba wa kambo. Nilimwoa mke wangu akiwa na mtoto wa kiume wa miaka 9, na kwa miaka miwili ya kwanza nilikuwa kama huyu bwana. Dada, naomba nikueleze yaliyo moyoni mwa mtu wa namna hii, kwa sababu yeye mwenyewe hatakueleza. Kwanza, anaogopa. Kila mara mtoto anapompa mgongo, anaona kwamba marehemu yumo ndani ya nyumba na kwamba yeye ni mpangaji. Pili, mji mzima unamtazama: mtoto akiharibika watasema baba wa kambo hakumjali, na akimrudi watasema anamwonea. Tatu, hajui njia nyingine. Mimi baba yangu hakuwahi kuniuliza nimelalaje. Nilijua ananipenda kwa sababu ada ililipwa. Kwa hiyo nilitoa ada na nikangoja kupendwa, na mtoto alipokuwa hanipendi niliona kama nimedhulumiwa.

Kilichotusaidia si kikao kikubwa. Mke wangu aliniambia usiku mmoja kwamba kuanzia siku ile, mtoto akikosea, yeye mama ndiye atakayemwonya na kumpa adhabu, na kazi yangu ni kumuunga mkono, si kumtangulia. Niliudhika. Nilidhani ananivua uanaume wangu. Baada ya miezi michache niligundua kwamba amenitua mzigo, kwa sababu sikuwa tena askari wa nyumba, na mtu asipokuwa askari, mtoto anaweza kumkaribia. Amri haiwezi kutangulia mazoea. Mtoto uliyemkuta na miaka 9 au 10 hujampakata, hujamfundisha kutembea, huna akiba yoyote ndani yake ya kuvumilia ukali wako. Baba wa kumzaa anayo hiyo akiba na hata yeye huimaliza.

La pili ni kazi. Wanaume wa aina yetu hawawezi kuketi na mtoto na kusema «tuzungumze». Nilianza kumchukua siku za Jumapili kwenye ujenzi, si kama kibarua, bali nilimpa timazi aishike na nikamwonyesha namna ya kujua ukuta umepinda. Alipouona ukuta uliopinda kabla yangu, nilimwambia mafundi wote wakisikia. Hatukuzungumza kuhusu baba yake wala kuhusu mimi. Tulizungumza kuhusu ukuta, na mazoea yalianzia hapo.

Ukitaka kusema na mumeo, usiseme akiwa ametoka kazini na vumbi la saruji machoni, wala usiseme mtoto akisikia. Anza na yale anayoyatenda vizuri, kwa kuwa ni ya kweli na umeyaandika mwenyewe hapa. Lakini ukifika kwenye mkanda, usiuzungushe. Mimi pia nilipiga mara moja, na mke wangu aliniambia kwamba siku nitakaporudia, atachukua watoto aende kwao. Hakupaza sauti. Nilijua anasema kweli.

Mwalimu wa Madrasa, Unguja, amejibu:

Waalaykum salaam, dada yangu. Wengi wamesema kuhusu malezi, nami sitarudia. Kuna jambo ambalo naona limepitwa, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha ugomvi huu, hata kama mtoto mwenyewe hana maneno ya kulieleza.

Mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe ni yatima, na mali aliyoiacha baba yake si ya mama peke yake, na kwa baba wa kambo hakuna hata chembe. Umesema marehemu ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume, na baba mzazi aliye hai, na kwamba mama yake alimtangulia. Ikiwa hakuna deni wala wasia, mgawanyo wa Kiislamu hapo ni mwepesi. Wewe mke una thumuni, yaani sehemu moja katika 8. Babu ana sudusi, sehemu moja katika 6. Kinachobaki chote ni cha mtoto. Tukiigawa mali katika mafungu 24, yako ni 3, ya babu ni 4, na ya mtoto ni 17.

Sasa tazama hizo shilingi 1,200,000. Zako ni 150,000. Za mzee wa Pangani ni 200,000. Shilingi 850,000 ni za mwanao, naye hakuulizwa, na wala babu yake, kwa jinsi ninavyosoma maelezo yako, hakuulizwa. Bati mnazozipigilia juu ya nyumba ile, sehemu kubwa ni zake. Kwa hiyo mtoto anayeambiwa mbele ya wageni kwamba anachokula si chake, ndiye ambaye mali yake inawafunika wote mvua ikinyesha. Simwiti mumeo mwizi. Watu wengi huuza vitu vya marehemu kwa nia njema wakidhani vimekuwa vya nyumba. Lakini Qurani katika Surat Nisaa, aya ya 10, imeonya vikali sana kuhusu kula mali ya yatima kwa dhuluma, na mtu anayeswali akilijua hilo hawezi kulala nalo.

Mueleze mumeo kwa hesabu, si kwa lawama. Fundi anajua hesabu. Deni hilo liandikwe, hata kama litalipwa kidogo kidogo, na mtoto aambiwe kwamba limeandikwa. Na Mzee wa Barabara ya 12, nakubaliana nawe kwamba mtoto huonywa, ila kuhusu kuomba radhi, hii si desturi ngeni. Aliyedhulumu humtaka radhi aliyedhulumiwa, na dini haikusema kwamba haki hiyo huanza mtu akiota ndevu.

Afisa wa Zamani wa Ustawi amejibu:

Dada, nimefanya kazi za ustawi wa jamii Tanzania Bara kwa miaka mingi, na nitajitahidi kusema yale tu yatakayokusaidia kuamua.

Kisheria mwanao ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijaondoa kabisa haki ya mzazi kumrudi mtoto, na mtu asikudanganye kuhusu hilo, lakini kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, na kinasema hakuna kumrudi mtoto kunakohalalika kukivuka kiasi kwa kulinganisha na umri wake na hali ya mwili na akili yake. Mkanda ulioacha mistari mgongoni na godoro la uani vyote viwili viko nje ya mpaka huo. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 10, inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake aliyefariki, kwa hiyo aliyoyasema Mwalimu si ya madrasa peke yake.

Mahali pa kwenda ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Huko si polisi, na wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuwaita wazazi, kuwasikiliza kila mmoja peke yake, kumsikiliza mtoto peke yake, na kuwasaidia kufikia makubaliano yanayofuatiliwa. Ipo pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo haitozwi, na mwanao mwenyewe anaweza kuipiga. Mpe namba hiyo aijue kwa kichwa. Akiumizwa tena, usiende tena kwa wifi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, upewe fomu namba 3 ya polisi, ile inayojulikana kama PF3, apate matibabu na maumivu yake yaandikwe. Kama kuna dharura ya uhai, matibabu yatangulie.

Kuhusu mirathi, kama haikufunguliwa, ukoo ukutane, muhtasari uandikwe, na mpeleke maombi Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo ili ateuliwe msimamizi. Miaka kupita si sababu ya kuacha.

Nimwambie pia Mzee wetu jambo moja kwa heshima. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikia miaka 18. Ingekuwa kipigo kinanyoosha, tungekuwa taifa lililonyooka kama rula. Mimi katika mafaili yangu nilikuwa nikiona kinyume: mtoto anapigwa kwa sababu ya utoro, anazidisha utoro ili asipigwe, na ile pwani au kile kijiwe kinakuwa mahali pekee ambapo hakuna anayemfokea.

Pangani isiwe hukumu. Mtoto aliye darasa la saba kuhamishwa miezi michache kabla ya mtihani ni hasara kwake, labda iwe nyumbani hakuna usalama, na hapo usalama hutangulia mtihani. Likizo kwa babu ni jambo tofauti kabisa, na ningeiunga mkono.

Mama wa Tanga amerudi kuandika, siku 9 baadaye:

Ndugu zangu, nimechelewa kuwajibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye, ndipo niseme.

Nilimpeleka kituo cha afya. Sukari iko sawa, na mkojo hauna maambukizi. Nesi aliutazama mgongo wake akanitazama na mimi, hakusema neno, akaandika. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu nilimwambia maneno yale kama Mwana wa Korogwe alivyonielekeza, bila «lakini». Hakunijibu. Tulipofika karibu na nyumbani alinipokonya mfuko wa vitunguu, akaubeba yeye. Sikumwomba. Usiku wa juzi na wa jana ameamka mkavu, ingawa usiku wa kabla yake haukuwa hivyo.

Mume wangu alikasirika sana nilipomwambia kwamba nimewaeleza watu wa nje. Kwa siku mbili alikuwa akila na kutoka. Siku ya tatu nilimweleza kuhusu mafungu 24. Alisema haiwezekani, akachukua penseli yake ya kazi na kuchana karatasi ya mfuko wa saruji, akagawa mwenyewe, akarudia, kisha akakaa muda mrefu akiitazama 850,000. Aliniuliza kama mtoto anajua. Nilimwambia hajui hesabu hiyo, lakini nadhani amekuwa akiijua kwa namna nyingine tangu siku ngalawa ilipouzwa. Kuhusu mkanda nilimwambia kama mke wa Fundi wa Nyamagana alivyosema, na mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, lakini nilisema. Alijibu kwamba hatamgusa. Hakusema ni kwa sababu gani, na sikumdai sababu. Bado hawaongei. Sahani bado inakwenda kizingitini, ila sasa mdogo wake humfuata huko na kula kwenye sahani ileile.

Nilimuuliza mtoto kuhusu Pangani. Alisema anataka kwenda likizo ya Juni na kurudi, kwa sababu mtihani anataka kuufanya na wenzake. Nimempigia simu babu, amefurahi, na amesema ndugu wa marehemu watakutana huko kuhusu mirathi, kwani kweli haikuwahi kufunguliwa.

Jumatatu saa 4 asubuhi tuna miadi na ofisi ya ustawi. Nitakwenda na mwanangu. Mume wangu amesema siku hiyo ana zege la kumwaga na hana hakika. Ile karatasi ya saruji yenye hesabu ameikunja na kuitia katika mfuko wa shati lake la kazi, nami nimeandika siku na saa ya miadi nyuma yake.